Vikombe vya Nyumba Mpya

Machi 6

Mlango umefika. Wapagazi wawili wameuingiza kiubavu, wakakwama koridoni, wakatoka nao, wakajaribu tena miguu mbele kichwa nyuma, kama wamembeba mgonjwa. Ni mbao ngumu, upana sentimita tisini, urefu mia mbili na kumi. Hakuna mlango wowote katika nyumba hii tuliyopanga unaozidi sabini na tano, kwa hiyo hapa hauwezi kufungwa popote hata tungetaka. Nimeuegemeza ukutani kwenye chumba kidogo, pamoja na sinki, maboksi kumi na moja ya vigae, furushi la mapazia na boksi la marehemu mama.

Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu hospitali, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya uuguzi. Alisimama kizingitini akautazama mlango kwa muda.

"Hongera," akasema. "Sasa mlango una chumba. Bado mtoto."

Nilijitia hamnazo. Naanza kuandika humu leo, kwenye daftari la ofisini lenye kurasa za mirabamiraba, kwa sababu mvua zikiisha tunachimba msingi, na nataka kuukumbuka msimu wa mwisho wa kupangapanga.

Machi 9

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Ofisini tuko wawili, mimi na mhandisi, na meza moja ndefu inayoyumba upande wake. Nimeshachora nyumba za watu wengi kiasi kwamba nikipita mitaani najua vyoo vyao viko wapi. Yangu nimeichora mara kumi na saba. Ramani ya kumi na saba ina baraza ya mita mbili, dirisha la jikoni linaloangalia mashariki, na chumba cha Kasuku ukuta kwa ukuta na chetu.

Kasuku ni binti yetu, ana miaka minane. Jina hilo lilimkaa tangu alipojifunza kusema kwa kurudia kila alichosikia, hata matusi ya jirani. Analala sebuleni. Asubuhi godoro lake tunalikunja na kulisukuma nyuma ya kochi, jioni tunalitandika tena.

Machi 15

Leo nimemwambia Kasuku akapige mswaki. Kanijibu, "Tukihamia."

Baba yake alicheka mpaka akaketi. Mimi nilimshika mtoto mkono nikampeleka bombani, lakini njiani nilihesabu ni mara ngapi nimelitamka neno hilo wiki hii. Baiskeli, tukihamia. Kualika marafiki, tukihamia. Rangi ukutani, tukihamia. Sikumaliza kuhesabu.

Machi 22

Mvua ya kwanza. Dari la chumba kidogo lina doa la ukubwa wa kiganja. Nimeweka ndoo.

Machi 24

Baba amekuja kukaa nasi. Upepo wa juzi umeng'oa mabati yake matatu na maji yamemkuta kitandani. Mume wangu ndiye aliyekwenda kumchukua. Amekuja na begi moja, mwavuli, na timazi lake la kazi limefungwa kwenye kitambaa, utadhani kuna ukuta hapa anakuja kuupima. Alikuwa mwashi maisha yake yote. Goti ndilo lililomstaafisha.

Hatukuwa na pa kumlaza ila kochini. Aliketi, nailoni ikapiga kelele chini yake. Sijaivua tangu kochi litoke dukani, mwaka wa tatu huu. Akainuka, akaketi tena, akasikiliza.

"Mama, kochi hili linasafiri lini?"

"Ni la nyumba mpya, baba."

"Aa," akasema. Akaipapasa nailoni kwa kiganja, taratibu. Mume wangu alikuwa anamenya chungwa, na nilimwona anavyojizuia asicheke.

Machi 30

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, hakuna aliyetoka.

Nimemtazama baba anavyokaa: nusu ya nyuma ya kochi haigusi. Kisha nikajitazama mimi, nami nimekaa vilevile, ukingoni. Tumelelewa hivyo. Kwetu kulikuwa na vyumba vitatu, na mbele ya nyumba msingi wa nyumba mpya. Baba aliumimina mwaka niliozaliwa. Ulikuwa na vyumba vitano, na sisi watoto tulivijua vyote kwa majina. Tulichezea sebuleni, tukagombana chumbani kwa wazazi, tukaanika nguo jikoni. Majani yaliota kwenye korido. Ukuta haukuwahi kusimama, kwa sababu kila mwaka kulikuwa na nyumba ya mtu mwingine iliyohitaji kumaliziwa kwanza.

Lakini vitu vya nyumba mpya vilikuwepo. Shuka zilikunjwa na nafthalini katikati. Mito upande mzuri uligeuzwa chini. Na vikombe sita vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu, ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya ujenzi, ambavyo mama alikuwa ametuonyesha mara moja tu, akivishika kimoja kimoja kama anayeonyesha vifaranga. Sisi tulinywea vya plastiki. Changu kilikuwa cha kijani na ukingo wake nilishautafuna wote.

Mama alifariki mwaka juzi. Boksi likaja kwangu mimi mkubwa. Kamba ni ileile, na juu ameandika kwa mkono wake: VYA NYUMBA MPYA. Sijalifungua. Nilishaapa kwamba nitalifungulia ndani ya nyumba mpya, si kwingine, ili angalau mmoja wetu afike.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 3

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Aprili 5

Ofisini amekuja mama mmoja fundi cherehani, anataka ramani. Chumba cha wageni kiwe kikubwa kuliko vyote, chenye choo chake. Nikamuuliza wageni wake huwa wangapi. Akafikiri kidogo.

"Hawaji," akasema. "Lakini wakija?"

Mhandisi aliinamia karatasi zake mabega yakimtikisika. Mimi nikachora, mita nne kwa tano.

Aprili 11

Baba na Kasuku wamekwenda kutazama kiwanja chetu, mwavuli mmoja, goti bovu moja. Wamerudi na matope mpaka mapajani. Baba alikuwa na fimbo aliyoikata huko, nayo ina alama moja ya kisu. Nikamuuliza kiwanja kikoje.

"Tutaongea," akasema, akaenda kuosha miguu.

Aprili 12

Mvua. Baba hajaongea. Kasuku naye, ambaye kwa kawaida hawezi kumeza neno, ananitazama halafu anaangalia pembeni.

Aprili 19

Nimejua leo, na nimekuwa wa mwisho kujua.

Nilirudi mapema kwa sababu umeme ulikatika ofisini. Baba na mume wangu walikuwa mezani jikoni, ile fimbo katikati yao. Waliponiona walinyamaza wote wawili kwa pamoja. Nikaichukua fimbo. Sasa ilikuwa na alama tatu.

"Hizi alama ni nini?"

Mume wangu akamtazama baba. Baba akavuta kiti, akaniambia niketi, na akasema kama anavyosema fundi kwa mwenye nyumba, polepole, bila kuzungushazungusha.

"Mama, hapo pana njia ya maji. Alama ya chini ni siku ile tulipokwenda. Ya kati ni siku ya pili yake. Ya juu ni jana. Maji hayaondoki, yanatafuta tu pa kukaa. Panajengeka, sikatai. Lakini kwanza ujaze kifusi, ukiache kishuke msimu mzima wa mvua, ndiyo uchimbe. Mwaka huu usiguse. Ukimimina sasa, ukuta utapasuka kabla hujatundika pazia."

"Msimu mzima?"

"Na pengine miwili."

Tulinunua kiwanja kile wakati wa kiangazi. Mimi, ambaye kila siku nawauliza wateja maji yanaelekea wapi, sikujiuliza. Nilikwenda na futi kamba, nikapima, nikaona dirisha langu la mashariki, nikatia sahihi.

Nikamgeukia mume wangu. "Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Ukanyamaza."

"Nikwambie nini?" Hakupaza sauti, yeye huwa hapazi. "Kila nikikutajia kiwanja unachukua penseli. Nikikwambia mtoto alale chumba kile, unaniambia mvua zikiisha. Mvua zipi? Nimechoka, mke wangu. Nimechoka kukaa kwenye stoo ya nyumba ambayo haipo. Mwanetu ameanza kulala sebuleni akiwa na miaka mitano. Sasa ana minane. Ukisubiri misimu miwili, atakuwa na kumi, halafu atakuwa mgeni wetu."

Nilisema mambo ambayo sitayaandika hapa. Moja nitaliandika kwa sababu linaniuma: nilimwambia kwao hawakuwahi kuwa na ndoto ya kitu chochote, ndiyo maana hajui kusubiri.

Alivaa viatu vyake vyeupe akaenda zamu, saa mbili kabla ya wakati. Mlangoni akasema, "Mvua hizi zikiisha chumba kile kiwe na mtoto. Nisipoona hivyo, nitatafuta nyumba nyingine ya kupanga yenye chumba, na utachagua unakaa na nani, sisi au mlango."

Baba alikuwa bado ameshika fimbo. Alinitazama kama ananionea huruma, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Aprili 20

Hatusemezani. Humu ndani kinachoongea ni nailoni ya kochi tu.

Aprili 23

Mvua. Kasuku ameuliza: "Mama, wewe na baba mtapatana tukihamia?"

Aprili 27

Sijui nianzie wapi.

Mchana, baada ya kula, tulisikia mshindo kwenye chumba kidogo. Dari limeshuka. Siyo lote, kipande cha kama mita moja, na maji nyuma yake. Nilikimbilia mlango, nikaukumbatia kuuvuta pembeni, na nikiwa nimeukumbatia hivyo, maji yananichuruzika mgongoni, nikamwona mume wangu amepita kando yangu bila neno na kulibeba boksi la mama. Lilikuwa sakafuni, kitako chake kimelowa tepetepe. Kama angelishika kwa juu lingemwagika. Alilishika kwa chini kwa mikono miwili, kama anavyomwinua mgonjwa, akatoka nalo hadi mezani jikoni.

"Limekwisha," akasema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa siku nane. "Lazima lifunguliwe, la sivyo litavunjikia ndani."

Mafundo yalikuwa ya baba, yale ya kiwashi, hayafunguki kwa kucha. Nikakata kamba kwa kisu. Nilikuwa nalia tayari, kwa sababu niliapa nitalifungulia kwingine.

Ndani, vikombe vilikuwa vimefungwa kwenye magazeti, kila kimoja na kisahani chake. Nikafungua cha kwanza. Gazeti lilikuwa la kahawia, linabomoka, la mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Kikombe kilikuwa kinang'aa kama kimetoka dukani jana. Cha pili vilevile. Cha tatu, cha nne.

Cha tano gazeti lake lilikuwa jeupe. Nikatazama tarehe: wiki tatu kabla mama hajalazwa. Ukingo wa dhahabu haukuwepo upande mmoja, umefutika pale midomo inapokaa, na ndani, kwenye kitako, kulikuwa na mzingo wa chai ambao hautoki kwa kuosha mara moja wala mara mia. Cha sita nacho kilikuwa hivyohivyo, ila kilikuwa kimefutika upande wa pili. Baba ni mashoto.

Nilimgeukia. Alikuwa amesimama karibu na jiko, na sijawahi kuuona uso wake ule. Uso wa mtu aliyekamatwa.

"Saa tisa," akasema.

"Saa tisa nini, baba?"

"Nilikuwa naacha kazi saa nane. Ninyi mnatoka shule saa kumi. Basi saa tisa." Akakohoa. "Mama yako alikuwa anapika chai, tunakwenda kukaa kwenye msingi. Pale sebuleni."

"Kila siku?"

"Jumamosi na Jumapili hapana. Mlikuwepo."

Nilianza kuhesabu miaka nikaacha. "Sisi tulidhani mnavisubirisha."

"Tulivisubirisha. Vile vinne." Akakuna kichwa. "Lakini miaka thelathini na kitu, mama, mtu atasubirije bila chai?"

Mume wangu aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Mimi sikucheka. Nilikasirika, na naandika ukweli, nilimkasirikia marehemu kuliko baba. Nilikiona kikombe changu cha kijani na meno yangu juu yake. Nikamuuliza baba kwa nini hawakutuambia, kwa nini tulikua tunatembea kwa vidole kulizunguka boksi ambalo wao walilifungua kila siku.

"Mngevunja," akasema.

Ndiyo tu. Kisha akakichukua kile kikombe cha tano, chake mama, akakipindua na kukipindua, akasema, akiongea nacho zaidi kuliko nami: "Aliniambia mapema kabisa, hii nyumba hutaijenga, baba fulani, nakujua. Nikamwambia nitaijenga. Akasema sawa, jenga, lakini leo nataka kunywa chai sebuleni kwangu."

Aprili 28

Mvua, nyepesi. Nimekwenda kazini, sikuchora kitu.

Nimekuwa nikidhani mama alikufa bila kufika. Huo ndio msingi nilioujengea kila kitu, nailoni, maboksi, ramani kumi na saba. Kumbe alifika, kila siku ya kazi, saa tisa. Mimi nimerithi nusu ya mazoea ya nyumba yetu, ile nusu waliyotuonyesha watoto. Nusu nyingine waliifunga tena kwa kamba kabla hatujatoka shule.

Na bado nina hasira kidogo. Wangeweza kutupa hata sisi tone moja.

Aprili 29

Nimemwomba mume wangu radhi kwa lile neno la kwao. Akasema, "Kwetu tulikuwa na ndoto. Tulikuwa tukilala tunaziota, tukiamka tunakula." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Mei 6

Mume wangu alikuwa na mapumziko, mimi nikaomba ruhusa ya nusu siku. Saa tisa nilipika chai nikatoa vile vikombe viwili. Baba alijidai anakwenda kununua wembe. Tulikaa ukingoni mwa kochi, mimi na mume wangu, tunasikiliza kama lango limelia. Lilipolia kweli, nilikificha kikombe nyuma ya mto, chai ikanimwagikia. Alikuwa msoma mita za maji.

Tulicheka hadi tumbo likauma. Lakini baadaye, nikifuta kochi, au niseme nikifuta nailoni, niliona kwamba hii sitaki. Sitaki mtoto wangu aje akute mzingo wa chai siku ya mazishi yangu.

Mei 10

Jumamosi, kazi moja kwa moja. Mwenye nyumba ametuma fundi, dari limezibwa. Tumevitoa vitu vyote kwenye chumba kidogo. Mapazia nimeyatundika, yamezidi urefu sentimita thelathini, nimeyapinda. Sinki limekwenda uani, Kasuku amelijaza udongo apande maua. Mlango tumeulaza juu ya maboksi ya vigae pale godoro lilipokuwa linatandikwa, umekuwa meza ya watu wanane. Baba aliupima kwa jicho akasema umekaa sawa, kisha akaona afadhali alete timazi, kisha akakumbuka timazi si la kupimia meza.

Nilimpa yeye chumba kwanza. Akakataa katakata.

"Mimi paa langu linakwenda kuzibwa, mimi ni mpita njia. Mpe mwenye nyumba." Akamwonyesha Kasuku kwa kidevu.

Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kubandika mchoro wake ukutani kwa sabuni.

Nailoni tumeivua mwisho. Ilitoka na sauti ndefu ya kuchanika. Baba akaketi, akasubiri, hakuna kelele. Akajisogeza nyuma, taratibu, mpaka mgongo ukagusa.

Mei 17

Mvua imepungua. Fimbo ya baba imesimama kwenye kona ya ofisi yangu, na nimemwambia mhandisi kwamba kuanzia sasa hatuchori mpaka tumekiona kiwanja kikiwa kimelowa.

Nimechora ramani ya kumi na nane. Ni ya nyumba hii tunayokaa. Milango sabini na tano, dirisha la jikoni linaangalia ukuta wa jirani. Nimeandika: Chumba cha Kasuku. Kifusi cha kiwanja kitamwagwa mwezi ujao, na hiyo kumi na saba ninayo bado kwenye droo, sijaichana. Naipenda ile baraza.

Mei 25

Jua tangu asubuhi. Kesho baba anarudi kwake na mabati mapya.

Saa tisa nimeweka vikombe vinne kwenye mlango, viwili vilivyofutika na viwili vipya. Kasuku alikishika chake kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua, macho kwa babu yake, babu naye macho kwake. Nilijua baba anasubiri nini. Hata mimi nilikuwa nasubiri. Nilishapanga uso nitakaoweka na maneno nitakayosema, ya upole, nilikuwa nayo tayari mdomoni.

Kisha nikanyoosha mkono kuchukua sukari, kiwiko kikapita kwenye kikombe changu, kikaanguka sakafuni. Kilikuwa kipya, miaka thelathini na nane kwenye gazeti, na chai yake ya kwanza sikuimaliza.

Kasuku aliweka kikombe chake chini kwa uangalifu mkubwa, akanitazama.

"Nilimwambia mama yako," baba akasema. "Nilimwambia watavunja."

Nilikwenda kuchukua ufagio nikicheka na machozi yakinitoka, na nikiwa nimeinama nazoa vipande nikahesabu, maana mimi lazima nipime kitu. Vimebaki vitano. Sisi tuko wanne.